Kioo Kilichotazama Paa

Mimi ni mtu wa kupanga. Dada zangu husema hata kuzaliwa nilizaliwa kwa ratiba, na sijawahi kubishana nao. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Kamukuywa kusema kwamba yeye na kukhu wangekuja Kitale Ijumaa, wamwone mtoto na wazungushwe mjini siku nzima, nilikwenda dukani nikanunua daftari jipya. Kukhu ni nyanya yangu, mama yake baba, na alikuwa hajafika Kitale tangu miguu ianze kumsumbua.

Niliandika kila kitu. Nepi kumi, maana mtoto wa miezi minane haaminiki. Uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Leso tatu: moja ya kubebea, moja ya kutandika, moja ya kujifunika akitaka kunyonya. Kofia ya sufu, kwa sababu baridi ya Kitale asubuhi haina adabu. Niliandika duka la vitambaa ambalo mama alikuwa amelisikia kwa wenzake wa kanisani, nikaandika hoteli yenye viti vya kuegemea kwa ajili ya mgongo wa kukhu, na mwisho nikaandika makumbusho, kwa sababu kukhu alikuwa ametoa agizo moja tu: kabla hajafa, anataka kumwona mamba kwa macho yake.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji wa Bungoma anaweza kuruka. Kwetu, mama ya mke na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani, anakata kona. Si chuki. Ni heshima, lakini heshima kubwa mno kiasi kwamba mgeni akiitazama ataona ugomvi.

Na mume wangu ni mgeni. Wazee wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kwao siku hizi mama mkwe hukumbatiwa na kupigwa picha naye. Yeye kwa miaka mitatu alikuwa amemwona mama yangu kwa mgongo tu, na leso kichwani. Mtoto alipozaliwa, mama alikuja mara mbili, na mara zote mbili alihakikisha kwanza kwamba baba mtoto yuko kazini. Mwanzoni mume wangu aliifanya mzaha. "Mama yako ananichukia kwa upole," alikuwa akisema. Baadaye aliacha kusema kwa mzaha. Nilimweleza mila mara nyingi, naye aliitikia kwa kichwa kila mara, lakini moyo wa mtu haueleweshwi kwa mhadhara.

Kwa upande wa mama nako hakukuwa na mchezo. Alipokubali kuja alinipa sharti lake kwenye simu. "Nitakuja, mwanangu. Lakini nikiaibika huko, hutaniona Kitale tena. Mtoto utakuwa unaniletea huku." Nami sikutaka hivyo. Nilitaka mama yangu awe mtu wa kuja kwangu, akae, amjue mjukuu wake na mjukuu amjue yeye, si mtu wa kuchungulia na kukimbia kama mwenye deni.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa daftari ulisema hivi: baba mtoto ataenda kazini kama kawaida, na sisi tutazungushwa na mzee jirani yetu mwenye teksi. Jumatano nilimsomea mume wangu mpango wote, mstari kwa mstari. Alijibu "sawa" huku akila githeri. Ningepaswa kujua. Mwanamume anayesema "sawa" kijiko kikiwa mdomoni hajasikia kitu.

Ijumaa saa moja asubuhi alitoka chumbani amevaa shati jeupe la sherehe.

"Leo siendi kazi," alisema. "Nimeomba ruhusa. Na yule mzee wa teksi nimemwambia apumzike, mimi ndiye nitawaendesha."

Nilikasirika mpaka nikakaa chini. Nilimuuliza kama alisikia hata neno moja siku ile ya Jumatano.

"Nilisikia," alisema, na hapo uso wake ukabadilika. "Nataka tu mama yako anione. Siku nzima. Mtu hawezi kumchukia mtu aliyemwendesha vizuri siku nzima."

Utamgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nilijaribu kumpigia mama nimwonye. Simu haikupatikana. Mama huzima simu akiwa safarini ili isimalize chaji, na simu yenyewe alinunuliwa ili apatikane safarini.

Stendi tuliwakuta wameshashuka kwenye matatu. Kukhu alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha simsim, na mama alikuwa amesimama kando yake na mayai yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mama aliona gari. Aliona nani yuko kwenye usukani. Akavuta leso mpaka kwenye nyusi, akageuka, akautazama ukuta wa duka la viatu vya gambuti kana kwamba ameandikiwa barua pale.

Nilimwendea na mtoto mkononi.

"Uliniambia teksi," alisema, akiuambia ukuta.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo si teksi."

"Si teksi, mama. Ni makosa. Hakuelewa."

"Basi mimi narudi na hii gari imenileta."

Hapo kukhu aligonga fimbo chini. "Wewe, mimi nimeamka saa kumi na moja ndio nione mamba. Rudi peke yako. Mimi sirudi bila mamba."

Ni lazima nieleze kwamba kukhu ana leseni ambayo mama hana. Nyanya na mume wa mjukuu wake ni watu wa utani. Anaweza kumsalimu, kumtania, hata kumwita mume wake mbele za watu, na alifanya hivyo hivyo. Alikwenda mpaka dirishani akamshika mume wangu shavu. "Bwana yangu, umenenepa. Huyu msichana anakulisha vizuri kuliko mimi?"

"Hapana, kukhu," mume wangu alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alicheka.

Kisha kukhu alitupanga kama wanafunzi. Yeye mbele. Mama nyuma ya dereva, ili hata akigeuza shingo asimfikie kwa macho. Mimi katikati. Mtoto kwenye kiti chake upande wa pili. Mama aliingia akiwa amejikunja, akakaa. Niliona ushindi mdogo nikaanza kupumua, ndipo kukhu akainua macho akaona kioo cha ndani, na ndani ya kioo akamwona mama.

"Na hii?"

"Ni kioo ya kuona nyuma, kukhu," mume wangu alisema.

"Nyuma kuna nini?"

"Magari."

"Nyuma kuna mama mkwe wako." Alikishika kioo kwa mkono wake uliochimba mashamba miaka sitini, akakipinda mpaka kikatazama paa. "Sasa endesha. Pore pore."

Kwa hiyo tuliingia mjini Kitale dereva akitumia vioo vya pembeni na maombi. Hatukufika mbali kabla ya askari wa trafiki kutuinulia mkono. Alizunguka gari, akatazama matairi, akainama dirishani.

"Kioo yako inaangalia wapi?"

Kukhu akamjibia. "Nyuma kuna mama ya bibi yake."

Askari alichungulia nyuma, akamwona mama amejifunika leso hadi kidevuni, akajinyoosha haraka na kurudi hatua mbili. "Mnatoka wapi?"

"Kamukuywa."

"Mimi ni wa Malakisi, Bungoma hiyo hiyo," alisema, na uso wake wote ukalegea. Aliinama tena, safari hii akimtazama mume wangu tu, kwa huruma. "Bana, pole. Lakini hii si mzuri kwa barabara. Wewe enda pole pole, na wakishuka tu, hiyo kioo irudi. Sitaki kuiona hivyo tena."

Nilicheka mpaka mtoto naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Mama hakucheka, lakini bega lake lililonigusa lilikuwa linatikisika kidogo.

Dukani mambo yalikwenda vyema, kwa sababu mume wangu alibaki nje. Mama alichagua kitambaa cha kijani, akakirudisha, akachagua cha zambarau, akarudi kwa cha kijani. Hotelini tulichukua meza mbili. Sisi wanawake tulikaa karibu na dirisha na mume wangu akakaa upande wa pili kabisa, ametupa mgongo, peke yake, na shati lake la sherehe. Mhudumu kijana alituletea kuku na ugali, akatazama huku na kule, halafu nikamsikia akimnong'oneza mume wangu, "Usijali, boss. Wamama wakikasirika hukasirika, lakini watapoa."

Nilipokwenda kumtazama, sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Unaona?" alisema polepole. "Nimekaa hapa kama mgonjwa wa kuambukiza. Nilifikiri leo ataniona. Kumbe ndio amepata siku nzima ya kunikwepa."

Nilimwambia ale. Nilimwambia tena habari ya heshima. Lakini nilirudi mezani nikiwa na uchungu, na nikiri kwamba kwa dakika chache niliichukia ile mila yetu, nikamchukia na yule mtu aliyeianzisha, na nikalichukia daftari langu kwa kukosa ukurasa wa mambo kama haya.

Makumbusho yalikuwa na watoto wa shule waliokuja na mwalimu wao. Kukhu aliwapita wote kwa fimbo mpaka kwa mamba. Alimtazama kwa muda mrefu. Mamba hakutikisika.

"Amelala," kukhu alisema.

"Ndivyo walivyo, kukhu. Hukaa hivyo."

"Mimi nimetoka Kamukuywa kuja kuona mtu amelala? Si hata babu yenu alikuwa analala hivyo na sikulipa."

Hata hivyo hakuondoka pale. Alisimama mpaka mamba akafumba na kufumbua jicho moja, ndipo akaridhika, akaniambia sasa anataka choo. Safari ya kukhu ya choo ni safari kweli. Mtoto nilimpa baba yake, aliyekuwa amesimama chini ya mti upande mmoja wa nyasi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili, ametazama kwingine. Kati yao palikuwa na hatua kama thelathini. Niliwaza: dakika kumi, nini kitaharibika?

Tulipokuwa tukirudi nilimsikia mtoto kabla sijamwona. Meno yalikuwa yanaota, na kile kilikuwa kilio cha meno, kile kisichosikia nyimbo wala chupa. Nilianza kukimbia. Kukhu alinishika mkono, na mkono wa kukhu ukikushika umeshikwa.

"Wacha," alisema. "Simama hapa."

Tulisimama nyuma ya ua. Mume wangu alikuwa anazunguka na mtoto, anampandisha begani, anamshusha, anampa uji, uji unamwagika kwenye shati jeupe. Mama kwenye benchi alikuwa ameanza kusugua magoti. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akaenda hatua tatu, akakumbuka, akasimama kabisa huku uso ameugeuzia upande wa mamba.

Ndipo mume wangu akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alitandika leso kwenye nyasi, katikati kabisa. Akamlaza mtoto juu yake, kwa uangalifu, akamwekea kofia. Kisha akarudi hadi kwenye mti wake, akageuka, akaupa ulimwengu mgongo.

Kwetu kitu hakitoki mkononi mwa mkwe kuingia mkononi mwa mama mkwe. Kinawekwa chini, mwenye kukiweka anaondoka, mwenye kukichukua anakuja. Tunafanya hivyo kwa kikombe, kwa bahasha, kwa mzigo wa sukari. Mtoto sikuwahi kuona.

Mama alikwenda karibu mbio. Alimwinua, akamtia kidole ufizini, akamfunga mgongoni kwa ile ile leso, akaanza kutembea akiimba kwa sauti ya chini. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa kimya. Baada ya muda alimfungua, akatandika, akamlaza, akarudi kwenye benchi na kugeuka. Mume wangu akaja akamchukua. Mtoto akaanza upya. Akatandikiwa. Mama akaja. Walifanya hivyo mara tatu, na wale watoto wa shule wakaacha nyoka na kobe wakaja kutazama, mwalimu wao akiwa mbele yao.

Safari ya tatu mama hakurudi kwenye benchi. Alibaki pale kwenye leso, mtoto mapajani, akamwambia mtoto kwa sauti ambayo ingefika hadi barabarani:

"Mwambie baba yako mtoto wa meno hashikwi kama gunia ya mahindi. Anashikwa hivi, kichwa juu."

Mume wangu, bado ametupa mgongo, aliuambia mti: "Mwambie nyanya nimesikia. Na asante."

"Mwambie pia aache kufikiria mambo mingi," mama aliendelea, akimfuta mtoto mate. "Siku alikuja kwetu mara ya kwanza nilikuwa jikoni, kwa dirisha. Nilimwona akitoa viatu matope na kijiti, na hakuna mtu alimwambia. Nikamwambia kukhu yako, huyu nimempenda. Sasa mtu umempenda utamwangalia usoni kama mtu wa sokoni?"

Mume wangu alinyanyua mkono akajipangusa uso kwa mkono wa shati, pale pale penye uji. Mimi nililia, sitaficha. Kukhu hakulia. Alisema njaa imerudi.

Mvua ya Kitale haina subira na ilianza kabla ya saa kumi. Katika daftari wageni walikuwa warudi na gari la abiria, lakini hakuna aliyetaja daftari. Mume wangu alileta gari hadi mlangoni, kukhu akaingia mbele, mama nyuma ya dereva, mimi katikati, mtoto kwenye kiti chake, na kioo bado kinatazama paa. Tukashika barabara ya Kiminini kuelekea Kamukuywa, maji yakipiga kila upande na vioo vya pembeni vimejaa ukungu na matone. Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga honi na kuwasha taa, linataka kupita au linataka kutuua, haikujulikana. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya usukani, anajaribu kuona kwenye vioo visivyoonyesha kitu. Kukhu alikuwa amefumba macho, lakini namjua kukhu, hakuwa amelala.

Mara nikamsikia mama. Alimwinamia mtoto juu ya mapaja yangu na kumwambia, taratibu, kama anayempa maziwa:

"Mwambie baba yako arudishe hiyo kioo. Nataka kufika nyumbani."

Mtoto alikuwa amelala fofofo tangu tutoke mjini. Baba yake aliinua mkono, akashika kioo, akakigeuza kidogo kidogo mpaka kikaonyesha barabara, lori, mvua, na pembeni mwa hayo yote uso wa mama yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa ametazama mbele, mikono yote miwili juu ya kitambaa chake cha kijani. Leso ilikuwa imemwangukia mabegani, na hakuivuta.